Kwa nini mafuta pekee hayatoshi mapafuni: jibu kwa mwalimu wa Mumias

Mwalimu mmoja wa kemia kutoka Mumias ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Dada yangu alijifungua Kisumu mimba ikiwa na wiki 30. Daktari alituambia mapafu ya mtoto hayakuwa na safaktanti ya kutosha, ule utando wa ndani unaoyasaidia kufunguka, na kwamba dawa ya kumwekea hutolewa kwenye mapafu ya nguruwe au ya ng'ombe. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo habari ya nguruwe ilitushtua. Baadaye nikasoma kwamba safaktanti ni mafuta kwa asilimia 90 hivi, na mafuta yenyewe yanajulikana kwa majina na fomula. Mbona kiwanda kisichanganye mafuta hayo tu, tukaachana na wanyama? Hizo protini chache zina kazi gani ambayo mafuta hayaiwezi? Na kuna kitu ninachoweza kuwaonyesha wanafunzi wangu maabarani?"

Mwalimu, hongera kwa kupata mpwa, na poleni kwa mahangaiko ya wodini. Wazo lako la kuchanganya mafuta tu lilishajaribiwa. Kiwanda kilifanya karibu hivyo, dawa ikaitwa Exosurf, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1990 na ikasaidia watoto wengi. Kisha ikalinganishwa ana kwa ana na dawa zitokanazo na wanyama, ikabaki nyuma. Sababu ya kubaki nyuma ndiyo jibu la swali lako la pili, nami nitakaa hapo zaidi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi, hata baadhi yetu tunaovaa makoti meupe, tunaieleza safaktanti kama kilainishi, mafuta ya kuzuia kuta za mapafu zisishikane. Maelezo hayo yanamtosha mzazi aliye katika wasiwasi saa nane za usiku, lakini wewe unafundisha kemia. Tatizo la mapafu ya njiti ni uso wa maji.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa takriban milioni 480, na kila kifuko kina tandiko jembamba la maji kwa ndani. Molekuli za maji huvutana, kwa hiyo uso unaokutana na hewa daima unataka kupungua. Katika joto la mwili la digrii 37, mvutano wa uso wa maji safi ni karibu milinyutoni 70 kwa mita. Chukua kanuni ya Laplace ambayo mwenzako wa fizikia anaijua: shinikizo ni mara mbili ya mvutano, ukagawanya kwa nusu kipenyo. Tuseme kifuko cha mtoto mchanga kina nusu kipenyo cha mikromita 50. Kwa maji matupu utapata paskali 2,800, yaani shinikizo la safu ya maji yenye kimo cha sentimita 28 hivi. Hilo ndilo analopambana nalo mtoto wa kilo moja na robo kila anapotaka kukifungua kifuko kilichojifunga, na misuli ya mbavu zake bado laini. Shusha mvutano hadi 25, shinikizo linakuwa paskali 1,000. Ushushe hadi 2, linabaki paskali 80, chini ya sentimita moja ya maji. (Vifuko si mipira ya duara kamili, vinapakana na kushirikiana kuta, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama vipimo. Ukubwa wa tofauti ndio tunaoutafuta.)

Jambo hili lilichelewa sana kueleweka. Kurt von Neergaard aliyajaza mapafu kimiminika badala ya hewa mwaka 1929, akakuta yanafunguka kwa shinikizo dogo zaidi. Uso kati ya maji na hewa ukitoweka, sehemu kubwa ya ugumu wa mapafu inatoweka nao. Hakuna aliyemsikiliza. Hadi 1957 ndipo John Clements alipopima mvutano wa majimaji ya mapafu huku akiubana na kuuachia uso wake, akaona unashuka sana ukibanwa na kupanda ukiachiwa. Miaka miwili baadaye Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua walikosa kitu hicho. Na bado dawa haikuwepo: mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alifariki kabla ya kutimiza siku mbili, na hapakuwa na hospitali duniani ambayo ingeweza kumpa kilichokosekana.

Sasa tuingie kwenye utando wenyewe. Una kazi mbili zinazopingana, na ugomvi wa kazi hizo ndio kiini cha barua yako.

Kazi ya kwanza ni kufika. Safaktanti hutengenezwa ndani ya seli za ukuta wa kifuko, zile ziitwazo nyumosaiti aina ya pili, na hutolewa majini ikiwa imekunjwa tabaka juu ya tabaka katika vifurushi vidogo. Kutoka humo lazima ipande hadi juu ya maji na kutandazika, tena haraka, kwa sababu mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika. Kazi ya pili ni kustahimili. Pumzi inapotoka kifuko kinasinyaa, utando unabanwa, na hapo ndipo unatakiwa ushushe mvutano karibu na sifuri bila kupasuka wala kuporomoka.

Mafuta ya safaktanti mengi ni ya jamii ya fosfolipidi, na iliyo nyingi kuliko zote inaitwa dipalmitoilifosfatidilikolini, kwa kifupi DPPC. Peke yake ni karibu asilimia 40 ya mchanganyiko wote. Ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi ya palmitiki, asidi ile ile iliyo tele katika mafuta ya mawese. Wanafunzi wako wanajua kwamba mnyororo usio na kifungo maradufu hunyooka, na minyororo iliyonyooka hujipanga karibu karibu. Ndiyo maana DPPC haiyeyuki mpaka digrii 41. Katika joto la mwili, digrii nne chini ya hapo, iko katika hali ya mgando. Utando wake ukibanwa haukimbii, unakuwa mgumu, na mvutano unashuka karibu na sifuri. Kwa kazi ya pili huwezi kupata molekuli bora.

Kwa kazi ya kwanza ni balaa. Ukiitia DPPC safi kwenye maji ya digrii 37 haipandi juu kwa kasi yoyote yenye maana. Inabaki majini katika vijipovu vya tabaka mbili, vichwa nje na mikia ndani, na imetulia hivyo. Ili iingie kwenye uso, kijipovu hakina budi kufunguka, na katika kufunguka mikia itakutana na maji, jambo ambalo molekuli hizi hulikwepa kwa nguvu zao zote. Hicho ni kizuizi cha nishati, na molekuli zilizoganda hazikivuki kirahisi. Hata zile zilizokwisha kufika juu, pumzi inapoingia na uso kupanuka, hazitawanyiki upya kwa wakati. Umewahi kusimama ufukweni Dunga, kando ya Ziwa Victoria, upepo umelikusanya gugu maji? Zulia linabanana mpaka ndege wanatembea juu yake bila kuzama, lakini upepo ukiacha, halijitandazi ziwani papo hapo; linakaa lilivyo, na maji pembeni yanabaki wazi. Katika kifuko cha hewa, maji yaliyobaki wazi maana yake ni mvutano wa 70.

Utasema basi tuongeze mafuta mepesi, na hilo ndilo mwili umefanya. Kuna fosfatidilikolini zenye vifungo maradufu, kuna fosfatidiligliseroli yenye chaji hasi, na kuna kolesteroli kidogo. Mikia yenye kifungo maradufu imepinda, haipangiki vizuri, hivyo mchanganyiko unakuwa laini na unatembea. Lakini tunachokipata kwa kasi tunakipoteza kwa uimara. Utando wa mafuta mepesi ukibanwa hufika kwenye mvutano wa 25 hivi kisha huanza kuporomoka, na molekuli zinarudi majini. Kwa hiyo mafuta yanakupa uchaguzi mbaya: utando mgumu usiofika, au utando mwepesi usiostahimili. Ukichanganya hayo mawili bila kitu cha tatu, kijipovu bado hakifunguki haraka.

Kitu hicho cha tatu ni protini mbili ndogo za safaktanti, SP-B na SP-C.

Nianze na SP-B, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo uhai wenyewe unaitegemea. Ina asidi amino 79, na saba kati yake ni sisteini, asidi amino yenye salfa. Sita hufungana kwa jozi ndani ya protini ile ile, vifungo vitatu vya salfa kwa salfa vinavyoipa umbo gumu lisiloyumba. Ya saba hufungana na mwenzake kwenye SP-B nyingine, kwa hiyo protini hizi hutembea mbili mbili. Ina chaji chanya nyingi kuliko hasi. Haizami ndani ya tabaka la mafuta wala haielei majini. Inalala mpakani, pale vichwa vinapokutana na mikia, upande mmoja unaopenda mafuta ukielekea kwenye mikia na chaji zake chanya zikishikana na vichwa vyenye chaji hasi, hasa vya fosfatidiligliseroli. Hapo unaona kwa nini mwili unahangaika kutengeneza fosfolipidi yenye chaji hasi ambayo kwingineko mwilini ni adimu.

Protini iliyojipachika hivyo inavuruga mpangilio wa mafuta mahali ilipo. Na kwa kuwa zinakaa mbili mbili, inaweza kugusa matabaka mawili kwa wakati mmoja na kuyaleta karibu mpaka yaungane. Kile kizuizi cha nishati nilichokitaja kinapungua. Fosfolipidi hazilazimiki tena kupita majini zikiwa uchi. Zinapita kutoka tabaka hadi tabaka, na kutoka tabaka la juu kabisa hadi kwenye uso wa hewa. Maabarani tofauti inaonekana kwa macho. Mafuta yaliyokuwa yamekaa majini yakisubiri, ukiyapa asilimia moja tu ya SP-B kwa uzito, yanafunika uso ndani ya sekunde.

SP-C ni kiumbe tofauti kabisa. Ni fupi, asidi amino 35, na sehemu kubwa yake ni valini (asidi amino isiyopenda maji) zilizofuatana katika umbo la hesi, yaani msokoto kama wa springi, lenye urefu wa karibu nanomita 4, yaani unene wa tabaka mbili za mafuta. Hakuna chembe yake inayopenda maji pale katikati, kwa hiyo inapenya tabaka kutoka upande hadi upande. Kwenye ncha yake kuna sisteini mbili, na kila moja imeunganishwa na asidi ya palmitiki. Naam, protini iliyojivika mikia ya mafuta. Mikia hiyo inaweza kuchomekwa kwenye tabaka la jirani huku hesi ikibaki ndani ya tabaka lake, na kwa njia hiyo tabaka mbili zinashikizana. SP-C iliyonyimwa mikia hiyo inashindwa kuudhibiti utando vizuri unapobanwa.

Sasa fuata pumzi moja. Hewa inatoka, kifuko kinasinyaa, utando unabanwa. Ukiutazama utando wa safaktanti kwenye trei ya Langmuir, yaani sinia la maji lenye kizuizi cha kuubana uso, kwa darubini ya mwanga wa rangi, hauoni kitu kimoja kilichosawazika: unaona visiwa vilivyojipanga sana, vyenye DPPC kwa wingi, na kati yake sehemu laini. Protini zote mbili hukaa kwenye sehemu laini. Kadiri kubana kunavyoendelea, sehemu hizo laini ndizo zinazojikunja na kutumbukia chini ya utando kama matabaka ya ziada, lakini hazipotei, kwa sababu SP-B na SP-C zinayashikiza matabaka hayo kwenye utando wa juu. Pumzi inapoingia, akiba ile inarudi juu mara moja bila kuanza safari upya kutoka majini. Kazi mbili zinazopingana zimegawanywa: visiwa vigumu vinastahimili, sehemu laini zinakwenda na kurudi, na protini zimesimama kwenye mpaka zikiamua nini kiende wapi.

Hapa niseme kwamba wenye taaluma hawajakubaliana kwa kila kipengele. Maelezo ya zamani yalidai kwamba kila asiye DPPC husukumwa nje, utando ukabaki DPPC tupu. Ni maelezo mazuri kufundishia, ila hesabu haikubali. DPPC ni karibu asilimia 40, hivyo ungehitaji kuufinya uso kuliko kifuko chochote kinavyosinyaa katika pumzi ya kawaida. Utando halisi hushuka karibu na sifuri kwa kubanwa kidogo tu. Wengine wameonyesha kwamba hata utando laini ukibanwa kwa kasi kubwa unaweza kukwama katika hali ngumu kabla haujapata muda wa kuporomoka. Mimi naegemea upande wa matabaka ya akiba, kwa sababu yameonekana katika mapafu halisi kwa darubini ya elektroni na kwa sababu yanaeleza kwa nini protini hizi mbili ni za lazima. Lakini hoja ya kasi siwezi kuitupa.

Ushahidi mzito kuliko wa trei umetoka kwa viumbe. Panya walioondolewa jeni ya SP-B hufa kwa kushindwa kupumua muda mfupi baada ya kuzaliwa. Walioondolewa SP-C huishi, ingawa baadhi yao mapafu huharibika wanapokua. Na kwa binadamu, mwaka 1993 ilielezwa familia ambayo watoto wake walizaliwa mimba ikiwa imetimia, wana uzito mzuri, na bado wakashindwa kupumua: hawakuwa na SP-B. Mafuta walikuwa nayo. Watoto wa aina hiyo ukiwapa dawa ya safaktanti wanapata nafuu ya muda tu, kwani bila SP-B hata vile vifurushi ndani ya seli havijengeki sawasawa, na SP-C nayo haikamiliki. Kilichowaokoa baadhi yao ni kupandikizwa mapafu.

SP-A na SP-D nitazipitia haraka. Ni protini kubwa zinazopenda maji, na kazi yao kubwa ni ulinzi: hushika bakteria na virusi ili seli za kinga ziwale. Panya asiye na SP-A hupumua bila shida. Dawa zote za wanyama hazina hizi mbili.

Turudi kiwandani. Miaka ya 1960 madaktari walijaribu kuwapulizia watoto DPPC kama ukungu, haikufaa kitu, na kwa miaka wengine wakadhani nadharia nzima ilikuwa potofu. Kumbe molekuli ilikuwa sahihi, ila haikuwa na wa kuifikisha juu. Tetsuro Fujiwara wa Japani ndiye aliyefungua njia mwaka 1980 alipowapa watoto kumi safaktanti iliyotolewa kwenye mapafu ya ng'ombe, nao wakabadilika hali mbele ya macho ya wauguzi. Exosurf ilikuja baadaye kama jaribio la kukwepa wanyama. Tazama fomula yake: DPPC, heksadekanoli na tailoksapoli. Hiyo ya kwanza ndiyo dawa; hizo mbili nyingine, alkoholi ndefu na kitu cha jamii ya sabuni, ziliwekwa kufanya kazi ya protini. Hata watengenezaji walijua mafuta peke yake hayatafika. Katika majaribio ya kulinganisha, dawa za wanyama zilipunguza hitaji la oksijeni haraka zaidi, na mapafu yaliyopasuka na kuvuja hewa yalikuwa machache. Exosurf ikaondoka sokoni.

Mbona tusitengeneze protini zenyewe? Tumejaribu, na ni kazi ngumu kweli kweli. SP-B ina sisteini saba ambazo lazima zipate wenzi sahihi. Ikikosea, umbo linaharibika. SP-C ikiwa nje ya mafuta hesi yake hufumuka, ikageuka nyuzi zinazoshikamana na kuganda. Wakemia waliamua kuiga badala ya kunakili. Dawa iitwayo lucinactant ilitumia peptidi fupi ya lisini na leusini iliyoundwa kufanana kitabia na SP-B. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, kisha ikaachwa kutengenezwa. Nyingine, CHF5633, ina vifananishi vya protini zote mbili ndani ya mafuta mawili tu, na imekwisha kujaribiwa kwa watoto njiti. Hiyo ndiyo barabara inayoelekea mahali unapopataka: safaktanti isiyo na mnyama. Kwa sasa tiba ya kila siku duniani bado ni ya ng'ombe na nguruwe.

Kuhusu nguruwe, mimi si sheikh na sitajitia kuwa. Nitakupa tu taarifa za kumpelekea anayekupa fatwa. Dawa iitwayo poractant hutoka kwa nguruwe. Beractant hutoka kwa ng'ombe. Katika poractant, mapafu husagwa, kisha mafuta hutolewa kwa kloroformu na methanoli, kinachobaki ni fosfolipidi na protini kama asilimia 1 hivi, yaani SP-B na SP-C. Mwambieni daktari mapema mnachopendelea, kwa sababu ikiwapo ya ng'ombe hatakuwa na sababu ya kuwakatalia. Ikiwa iliyopo ni moja tu na mtoto anashindwa kupumua, ulizeni habari ya dharura katika sheria yenu, tena mwulizeni sheikh wenu kwa simu dawa ikiwa inapashwa joto, si kesho yake. Safaktanti hufaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo.

Hukuuliza, ila dada yako huenda akapata mimba nyingine. Katika hospitali zetu nyingi za magharibi mwa Kenya, safaktanti ama haipo, ama bei yake inaishinda familia, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Kinachowasaidia watoto wetu wengi ni vitu viwili vya bei nafuu. Cha kwanza ni ile mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika. Haiongezi safaktanti hata tone. Inazuia vifuko visijifunge kabisa mwisho wa pumzi, na kwa hiyo utando mchache uliopo hauharibiwi kila mara kifuko kinapofunguliwa kwa nguvu. Vifuko vikijeruhiwa, albumini na protini nyingine za damu huvuja ndani, zikapanda kwenye uso na kuikalia nafasi ya safaktanti. Kuna protini zinazojenga utando na kuna zinazoubomoa, na hizi za damu ni za kundi la pili.

Cha pili ni sindano za deksamethasoni kwa mama mwenye uchungu wa mapema. Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha faida ya dawa za jamii hii mwaka 1972, na kwa muda mrefu tukabaki na shaka kama zinafaa katika mazingira kama yetu. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ulipata vifo vya watoto wachanga asilimia 19.6 kwa waliopewa dawa na 23.5 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Ninachokipenda kama mtu wa maabara ni namna inavyofanya kazi. Deksamethasoni huzikomaza seli za aina ya pili ndani ya tumbo la mama, na seli zilizokomaa hutengeneza kila kitu kwa pamoja, mafuta na SP-B na SP-C, kwa vipimo ambavyo hakuna kiwanda kinachovifikia. Sharti ni umri wa mimba ujulikane na mama ajifungulie mahali penye uangalizi wa njiti. Kwa hiyo dada yako aanze kliniki mapema na apigwe picha ya mimba katika miezi ya mwanzo, wakati tarehe bado haibahatishwi.

Sasa maabara yako. Jaribio la pilipili manga juu ya maji na tone la sabuni linalijua kila darasa, na linaonyesha mvutano ukishuka, lakini linakomea hapo: molekuli za sabuni zikibanwa hukimbilia majini, hivyo haliwezi kuonyesha utando unaostahimili. Afadhali urudie kazi ya Agnes Pockels, binti wa Ujerumani aliyepima tando za mafuta kwa trei ya bati iliyojaa maji na utepe wa bati uliolazwa juu yake, bila chuo wala maabara. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Jaza sinia maji hadi ukingoni, fagia uso kwa utepe safi, nyunyiza unga mwepesi wa poda, weka tone dogo sana la asidi ya palmitiki iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kinachoruka, kisha sogeza utepe ukiubana uso. Wanafunzi wataona unga ukikataa kusogea pale utando unapokuwa mgumu.

Jaribio lingine linataka mapafu mabichi ya ng'ombe, yawe yamekaguliwa na daktari wa mifugo, na kila mtu avae glavu, kwani brusela na kifua kikuu cha ng'ombe si mzaha. Kata kipande kidogo, kikamue ndani ya bakuli la maji, chukua vipovu vinavyotoka uviweke kwenye maji yaliyokwisha kujaa hewa, yaani yaliyotikiswa vizuri kabla. Pembeni weka vipovu vilivyotengenezwa kwa ute mweupe wa yai. Richard Pattle aliangalia vipovu vya mapafu namna hii mwaka 1955. Kipovu cha kawaida kidogo husinyaa na kutoweka kwa sababu mvutano wa uso wake unaikamua hewa itoke. Cha mapafu hudumu, na kutokana na kudumu huko Pattle alikisia kwamba mvutano wake uko karibu na sifuri, miaka miwili kabla Clements hajaupima. Waulize Kidato cha Tatu wafikie hitimisho hilo wenyewe kwa kanuni ya Laplace kabla hujawaambia. Usitumie mapafu yaliyolala kwenye friza wiki nzima, na bakuli lisiwe na hata chembe ya sabuni ya vyombo.